Mtandao wa Chumbani kwa Mama

Watu waliokuja kutuunganishia waifai walisema waya una njia moja tu ya kuingilia, nayo ni dirisha la chumba cha kulala cha mama, kwa sababu nguzo iko upande huo. Mama alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Chumba hicho ndicho pekee nyumbani kwetu chenye kufuli, na kufuli hiyo ina historia yake.

Mama yangu, Roselyn, ndiye mtunza vyombo wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu, hapa nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Kukiwa na harusi au matanga, sahani zinatoka kwake, vikombe vinatoka kwake, sufuria zinatoka kwake, na lazima zirudi kwake. Mwaka fulani sufuria moja ilienda matanga ikapotelea huko huko. Tangu hapo vyombo vyote vinalala chumbani kwake, ufunguo umefungwa kwenye pindo la leso yake, na hakuna mtu anayeingia. Mimi Beverly, mtoto wake wa kuzaa, siingii. Nikitaka uzi na sindano, naletewa mlangoni kama mgeni.

Basi ruta, kile kisanduku cheusi chenye antena mbili kinachorusha mtandao, nacho kikahamia huko kuishi na masahani.

Asubuhi mtandao ulikuwa mtamu ajabu. Ningeweza kutazama video ya mtu akipika mandazi na nisikose hata povu moja la mafuta. Lakini mchana, mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa, mambo yaliharibika. Lau ungekufa moja kwa moja, ningelia nikanyamaza. Huu ulikuwa unapungua, unarudi, unapungua tena, unanionyesha alama zote nne za nguvu kisha unazifuta mbele ya macho yangu. Mimi sina subira, na naomba hilo lijulikane mapema. Wiki ya kwanza nilishaitukana ile laptop matusi ambayo sikujua ninayajua.

Nilikuwa na sababu. Nilikuwa nimeomba kazi ya kufundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao, kwa kampuni moja ya huko Ulaya, na wakanipa somo la majaribio siku ya Alhamisi saa kumi jioni. Wangeniletea mwanafunzi halisi, nimfundishe, kisha mwanafunzi mwenyewe aseme kama ninafaa. Saa kumi jioni! Hiyo ndiyo saa ambayo Homa Bay nzima inaangalia juu na kuanua nguo.

Na nikishindwa, Jumamosi nilikuwa napanda boti kwenda kisiwa cha Remba kumsaidia mama mdogo kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mama mdogo alishanitengea kitanda. Nilishawahi kukaa naye huko likizo moja. Boti ilinitapisha kwenda, ikanitapisha kurudi, na katikati yake niliishi kwenye nyumba za mabati zilizobanana hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kupaza sauti. Niliporudi, nilikuta omena mmoja ndani ya kiatu changu cha kanisani. Sikutaka kurudi Remba, hata kwa dawa.

Nikampigia simu shemeji yangu, Cephas.

Cephas amemwoa dada yangu Leonida. Ni Mkuria wa Kehancha, na ana duka la kutengeneza simu na kompyuta mjini Migori. Ni mtu mzuri, ila akianza kueleza jambo la kompyuta hutia mikono mfukoni na kutazama mbali kama anayehutubia taifa.

"Umezima ukawasha?" akaniuliza kwa simu.

"Nimezima nikawasha mpaka kibonye kimelegea."

"Umeiambia laptop isahau hiyo network, halafu uiunge upya?"

"Imesahau. Ikakumbuka. Ikasahau yenyewe."

"Ikisumbua, mawingu yanakuwa hapo?"

"Yanakuwa!"

"Ahaa!" Nikasikia kabisa mikono ikiingia mfukoni. "Shem, hayo ni mawingu. Maji kwenye hewa yanakunywa signal. Hiyo ni sayansi. Nakuja Alhamisi."

Alikuja Alhamisi mchana na mkoba wa vifaa mgongoni, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ukingoni kabisa, tayari kukimbia. Mama aliketi pembe ya mbali akiwa amegeukia kalenda. Kwetu sisi Wajaluo mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali, na kwa Wakuria umbali huo ni mrefu zaidi. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, na habari zikitaka kwenda upande wa pili zinapitia kwa mtu wa katikati. Mtu wa katikati siku hiyo nilikuwa mimi.

"Mwambie mama nimemsalimia," akasema Cephas.

"Mama, Cephas anakusalimia."

"Mwambie orwa nimepokea," mama akaiambia kalenda. Orwa ni mkwe wetu. "Muulize watoto wako aje."

"Mwambie mama wako sawa."

Walikuwa wametengana kwa hatua chache tu za mtoto, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana. Lakini heshima ni heshima, nami nikaendelea kubeba maneno kutoka kiti hiki hadi kiti kile.

Cephas akafungua laptop yangu. Akaigusa hapa na pale, akazima kile kitu kinachobana umeme, akabadilisha hili, akasasisha lile. Nje wingu jeusi lilikuwa limeshakaa juu ya Mlima Homa. Alama ya mtandao ilikuwa imebaki moja, nayo inapepesa kama mgonjwa.

"Shida haiko kwa laptop," akasema. "Shida iko kwa ruta. Nataka kuiona." Kisha akakumbuka ruta iko wapi.

Mkwe kuingia chumba cha kulala cha mama mkwe! Hata kutaja tu kulimfanya ajifute jasho. Nikajitolea niingie mimi. Mama akashika pindo la leso yake, akasema vyombo vya watu si maonyesho.

"Basi mwambie mama aende aangalie kama taa za ruta zinawaka," akasema Cephas.

Mama akaenda. Tulisikia kufuli, tukasikia mlango, tukasikia kitu kizito kikigusa sakafu. Hapo hapo alama zote nne zikajaa. Mtandao ukarudi kwa nguvu hivi kwamba laptop ilianza kupokea barua pepe za wiki nzima kwa pupa.

"Zinawaka zote!" mama akaita kutoka ndani.

Akafunga, akarudi, akaketi. Alama zikaisha.

Mimi na Cephas tukatazamana.

"Mwambie mama aangalie tena."

Akaenda. Alama zikajaa. Akarudi. Zikaisha. Tulimtuma mara nyingi mpaka akaanza kupumua kwa mdomo, na kila mara ilikuwa vile vile. Akiwa ndani mtandao unafurika. Akitoka, kiangazi.

"Ni maombi," mama akasema, akijipepea. "Kila nikiingia naomba kidogo."

Cephas akanivuta hadi barazani, akaniinamia sikioni. "Shem, nimejua. Kuna waya imelegea chini ya sakafu. Mtu akisimama hapo, anaikandamiza, inashika. Inahitaji... inahitaji mzigo."

"Mzigo gani?"

Akaangalia paa. Akaangalia kuku. "Mzigo kama ule uliokuwa umesimama hapo."

"Unasema mama yangu ni mzito?"

"Sijasema! Sijasema neno kama hilo! Shem, usinipeleke huko. Mwambie tu mama akae huko ndani mpaka somo liishe. Na asiondoe macho kwa zile taa."

Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, yaani mama anafanya nini akiwa huko ndani. Cephas asingeweza kuuliza hata kwa bunduki. Mtu hamuulizi mama mkwe mambo yake ya chumbani. Nami niliyeweza kuuliza nilikuwa na hasira na haraka, na saa kumi ilikuwa inagonga hodi. Nikamwambia mama akae huko kwa sababu maombi yanafaa. Akafurahi sana.

Cephas akaenda kusimama nje chini ya dirisha la chumba hicho, mgongo ukiwa umeligeukia, mikono nyuma, akilinda waya pale unapoingilia. Mimi nikavaa blauzi nzuri juu ya suruali ya kulalia, nikaketi mbele ya laptop.

Mwanafunzi alitokea kwenye skrini saa kumi kamili. Alikuwa mzee wa Kifini mwenye masharubu meupe, jina lake Pekka.

"Hujambo, mwalimu," akasema polepole, kama anayetembea juu ya utelezi. "Mimi ninajifunza Kiswahili kwa sababu binti yangu ameolewa Bukoba. Mwezi ujao ninakwenda kuonana na wakwe zangu. Ninaogopa."

Nikampenda pale pale. Nikamwambia asiogope, Bukoba ni ng'ambo tu ya ziwa letu, tutaanza na salamu. Akarudia "shikamoo" vizuri kabisa. Nikamfundisha "hodi". Mambo yalikuwa yanakwenda, na nilishaanza kumwona mama mdogo akikikunja kile kitanda alichonitengea.

Ndipo radi ya kwanza ikanguruma mbali, upande wa ziwa.

Pekka akaganda mdomo wazi.

"Cephas!" nikaita.

"Mwambie mama aangalie taa!" Cephas akaita kutoka nje.

"Mama, angalia taa!"

"Zinawaka zote!" mama akaita kutoka ndani, na Pekka akafunga mdomo.

"...nisamehe, mwalimu, sijasikia," akasema.

"Nilikuwa nasema, ukikaribishwa ndani—"

Radi ya pili. Pekka akaganda jicho moja limefumba. Cephas! Mwambie mama! Mama! Zinawaka! Pekka akarudi. Radi ya tatu, Pekka akagawanyika vipande vya mraba, masharubu yake yakabaki upande mmoja na pua ikaenda upande mwingine. Mvua ikaanza kupiga mabati. Sasa tulikuwa tunapiga kelele wote watatu, mimi sebuleni, Cephas mvuani, mama chumbani, na ujumbe ulikuwa bado unapitia kwangu kwa sababu hata katika mafuriko mkwe hamwiti mama mkwe.

"Nilisema ni mawingu!" Cephas akapaza sauti, maji yakimtiririka puani. "Ni sayansi!"

Kwenye skrini paliandikwa kwamba mtandao umekatika. Nikaiona boti ya Jumamosi. Nikaiona kabisa, na mimi nimeinama ubavuni mwake. Hasira ikanipanda, nikasahau heshima, nikapiga ukuta wa chumba cha mama kwa ngumi zote mbili.

"Mama! Unafanya nini huko ndani?"

"Nafunika!" akajibu.

"Unafunika nini?"

"Si hii kitu yenu ya network!"

"Unaifunika na nini?"

Kufuli ikalia, mlango ukafunguka, na mama akatoka akiwa amekumbatia sufuria. Haikuwa sufuria ya nyumbani. Ilikuwa ile kubwa ya kikundi, ile nene inayopika wali wa matanga, ambayo kwa kawaida hubebwa na wanaume wawili wakilaumiana. Hata uso wake haukuonekana vizuri nyuma yake.

"Na hii," akasema.

Alama nne zikajaa. Pekka akarudi mzima, masharubu mahali pake, akatukodolea macho.

Nilitaka kusema mambo mengi kwa pamoja, nikasema moja tu. "Mama, kwa nini?"

"Kwani huoni radi?" Mama alikuwa anahema. "Mwaka jana radi iliingia kwa jirani yetu Monari, TV ikaungua, ikabaki imeyeyuka kama mshumaa. Na hiyo TV haikuwa imefunikwa. Sasa hii kitu yako ndiyo kazi yako, Bev. Ikiungua, wewe unaenda Remba. Kila nikiona wingu naenda naifunika na sufuria yenye iko nzito kushinda zote. Mkisema niangalie taa, naifunua, naangalia, naifunika tena haraka. Juzi akina mama wamekuja kuiomba ya matanga ya Jumamosi, nimewanyima. Nimewaambia iko kazini." Akaiweka chini, ikalia kama kengele ya kanisa zima. "Nyathina, wewe ukienda, mimi nabaki hapa na nani? Na masahani?"

Nyathina ni mwanangu. Mama haniiti hivyo ovyo. Nilitaka kulia, na wakati huo huo nilikuwa nataka kucheka mpaka nianguke, nikashindwa kuchagua. Siku zote hizo nilidhani mtandao unauawa na kampuni, na mawingu, na shetani. Kumbe ulikuwa unauawa na mama yangu akinizuia nisiende.

"Samahani," sauti ya Pekka ikasema. "Hii ni nini?"

Nikafuta macho, nikakumbuka niko kazini.

"Hii ni sufuria."

"Hii ni sufuria," akarudia. "Ni sufuria kubwa sana. Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mama yangu."

Mama akaipungia laptop mkono kwa haya, kisha akachutama, akajificha tena nyuma ya sufuria.

"Na yule?" Pekka akanyoosha kidole. Nikageuka. Cephas alikuwa amefika mlangoni akichungulia, maji yakimvuja pande zote kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. "Kwa nini yule bwana anakaa kwenye mvua?"

Nikamweleza. Nikaongea polepole, nikitumia maneno yale yale tuliyokuwa nayo. Huyu ni mkwe. Huyu ni mama mkwe. Mtandao uko chumbani. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Hamuulizi anafanya nini huko. Mvua ikinyesha, mkwe analowa.

Pekka akachukua kalamu, akaandika, akasoma alichoandika kwa sauti: "Mkwe haingii chumbani." Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mwalimu, mimi ningeingia. Ningeingia kusalimia. Siku ya kwanza!"

"Usiingie," nikamwambia.

"Sitaingia. Asante. Asante sana."

Hapo radi ikapiga karibu kabisa, nyumba ikatikisika, na mama akaikamata sufuria kwa mikono miwili. Nikamshika leso. Akavuta kwenda chumbani, nikavuta kwenda sebuleni, na Pekka akatutazama kwa makini kama tunamwonyesha kitenzi.

"Mwambie mama," Cephas akaanza kutoka mlangoni, meno yakigongana, "mwambie mama chuma ndiyo inafunga network. Dawa ya radi ni kuchomoa waya, tutachomoa somo likiisha. Lakini kama moyo wake unataka kufunika, afunike na beseni ya plastiki. Plastiki haizuii."

Nikafungua mdomo ili nimpelekee mama maneno. Mama hakunisubiri. Akamgeukia Cephas, akamtazama usoni.

"Ya rangi gani?" akamuuliza.

"Yoyote, mama," Cephas akajibu, naye anamtazama.

Wakashtuka wote wawili. Mama akageukia kalenda. Cephas akageukia mvua. Miaka yote ya ndoa ya Leonida hawakuwahi kusemezana, na neno la kwanza lilikuwa rangi ya beseni. Kisha mama akachukua beseni la buluu lililokuwa chini ya paa linalovuja, akamwaga maji nje ya mlango akipita mbali na mkwe wake kwa adabu yote, akalipangusa kwa leso, akaingia nalo chumbani.

Alama hazikusogea. Tulisoma mpaka saa ya kumaliza, radi ikipiga inavyotaka, na Pekka hakuganda tena. Alipoaga, aliwaachia salamu mama, mkwe na sufuria.

Kisha tukachomoa waya. Tulipika chai, Cephas akainywa barazani amevaa koti la zamani la marehemu baba. Alikuwa bado anasema kwamba mawingu nayo yalichangia.

Jibu la kampuni lilikuja kesho yake asubuhi, nikalisoma nimesimama. Nilikuwa nimepata kazi. Chini yake walikuwa wamebandika maneno ya Pekka, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili: "Mwalimu huyu ameniokoa aibu. Ninamtaka yeye. Mama yake pia." Nikamsomea mama kupitia tundu la kufuli. Nikasikia akipenga kamasi kwenye leso. Nami nikalia pale mlangoni bila aibu, maana nilikuwa nimeogopa kweli.

Jumamosi boti ya Remba iliondoka bila mimi. Sufuria ilienda matanga, na mimi nikawa miongoni mwa waliokuwa wanapakua wali kutoka ndani yake. Akina mama wa kikundi walimwuliza mama ile kazi ya sufuria imeishaje. Akawaambia imeisha vizuri, mtoto ameajiriwa.

Mchana wingu likaanza kupanda kutoka ziwani. Nilimwona mama akiangalia juu. Akaweka mwiko chini, akajifunga leso vizuri kiunoni, akashika njia ya nyumbani kwa haraka. Ningeweza kumwambia kwamba waya umechomolewa tangu asubuhi na hakuna cha kufunika. Nikaendelea kupakua wali, nikamwacha aende.